Vitabu Vinne vya Chini ya Sanduku

"Wale watoto wa kwenye gari la turubai waliishia wapi?"

Mama aliniuliza hivyo mwezi wa pili mwaka jana. Tulikuwa barazani kwake, juu kidogo ya Tengeru, mimi nachambua maharage, yeye mikono kailaza mapajani kwa sababu kazi ya kuchambua ilikwisha kumshinda. Nikamuuliza watoto gani. Akasema wale wa baba mpiga fidla, wenye mbwa aliyekuwa akitembea chini ya gari. "Ulikuwa unanisimulia jikoni. Siku moja ukaniambia hadithi imekwisha. Nikanyamaza tu, lakini nilijua haijaisha."

Nilikuwa na miaka 14 nilipomwambia hivyo. Sasa nimevuka 50, na uongo wangu wa siku ile alikuwa ameutunza muda wote huo bila kunidai.

Vitabu vyenyewe vilitufikia mwaka 1986. Familia moja ya wamisionari kutoka Minnesota ilikuwa inarudi kwao, na Mama alikuwa akiwafulia nguo mara mbili kwa wiki. Siku ya kuondoka wakamwachia masufuria, blanketi mbili na boksi la vitabu ambavyo watoto wao walikuwa wamevimaliza. Humo mlikuwa na vitabu vinane vya Laura Ingalls Wilder, mfululizo unaojulikana kwa jina la Little House. Mwandishi huyo alichapisha cha kwanza mwaka 1932 akiwa na miaka 65, na cha nane mwaka 1943, akisimulia utoto wake mwenyewe katika Marekani ya miaka ya 1870 na 1880: baba, mama, na mabinti waliohama na gari la farasi kutoka msituni kwenda kwenye nyika, kutoka nyika hii kwenda ile.

Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza. Marehemu baba, aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, alinisomesha sentensi kwa sentensi jioni, na kesho yake jikoni namsimulia Mama. Vitabu vinne vya kwanza vilituchukua miaka miwili. Vilikuwa vya familia nzima, kama redio.

Cha tano, By the Shores of Silver Lake, nilikifungua peke yangu, kwa majigambo kwamba sasa najua kusoma. Kurasa za mwanzo tu nikakuta Mary, dada mkubwa, yule mpole mwenye nywele za dhahabu, amekuwa kipofu. Nikageuza kurasa chache tena, Jack yule mbwa akafa. Nikakifunga. Nikavichukua vyote vinne vilivyobaki nikavizika chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vyeti vya baba, nikaenda jikoni nikamwambia Mama hadithi imekwisha. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Niliona mwandishi amevunja mapatano, maana hakuna aliyeniambia kwamba watu wa kwenye vitabu nao wanapatwa na mambo.

Niseme kuhusu macho ya Mama, kwa sababu ndiyo yaliyomfanya aulize. Presha ya macho haina kelele. Haiumi wala haiwashi. Inakula pembeni kwanza, na mtu anaendelea kuona kilicho mbele yake mpaka siku anapogonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita miaka 50. Mama alianza kumimina chai nje ya kikombe. Kituo kimoja cha afya kilimpa matone ya mzio karibu miaka miwili bila mtu kumpima presha ya jicho hata mara moja, na mimi, mwalimu mzima wa sekondari, sikuuliza. Tulipomfikia daktari bingwa, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia limebakiwa na upenyo mdogo kama wa tundu la ufunguo. Daktari akatueleza kwa upole kwamba mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena, lakini mshipa wa jicho uliokufa kwa presha hakuna upasuaji wa kuurudisha. Matone anayotumia sasa ni ya kulinda hicho kilichobaki. Kama unasoma hapa na mama yako naye anamimina chai nje ya kikombe, mpeleke apimwe presha ya macho wiki hii.

Basi tukaanza. Mimi naishi Sakina, upande wa pili wa mji wa Arusha, kwa hiyo kila Jumamosi nashuka Tengeru, napita sokoni, napanda kwa Mama na kitabu kwenye pochi. Nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, na Kiswahili kikikwama natumia Kimeru. Nyika yao nilimwambia ni kama uwanda wa kwenda Longido, ila uondoe hata migunga, zibaki nyasi na mbingu. Theluji haikuwa taabu. Mama hajawahi kuigusa, lakini ameiona tangu utotoni, asubuhi ambazo mawingu yameondoka na Kilimanjaro iko wazi upande wa mashariki.

Nilianza kwa kumdanganya. Niliona si haki mtu aliyetoka kupoteza macho asomewe habari za binti wa miaka 14 aliyepoteza yake. Nikaruka. Nikasema Mary aliumwa sana, akadhoofika. Nikafurahi nimepata njia. Kisha tukafika pale mama yao na watoto wanapanda treni kwa mara ya kwanza maishani, na Laura anamweleza dada yake kila kitu: viti vilivyo, madirisha, vifungo kwenye koti la kondakta, abiria huyu anafanya nini, yule amevaa nini. Nikasoma karibu ukurasa mzima. Mama akainua mkono.

"Subiri. Huyu Mary mbona anasimuliwa behewa na yeye amekaa humo humo?"

Nikakosa la kusema.

"Haoni," Mama akasema.

"Haoni, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa kwanza."

"Rudi ukurasa wa kwanza."

Nikarudi. Nikamsomea homa ya vipele vyekundu iliyopita nyumba nzima, nywele za Mary zilizonyolewa, na baba yao kumwambia Laura kwamba sasa yeye ndiye atakuwa macho ya dada yake. Nikamwongezea na nililolijua kutoka nje ya kitabu, kwamba mwaka 2013 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wao wakaona huenda haikuwa homa ile kabisa, kwamba dalili alizopata Mary mwaka 1879 zinafanana zaidi na virusi vilivyoshambulia ubongo na utando wake. Mama akatikisa kichwa. "Hata yeye walimkosea ugonjwa." Akakaa kidogo. "Endelea."

Nilipofika kwa mbwa sauti yangu ilikatika, nakiri. Jack amezeeka, safari hii hawezi tena, na Laura jioni ile anakumbuka ghafla kwamba siku nyingi hajamjali. Anamtengenezea malalo yake vizuri, mbwa anazunguka mara tatu kama ilivyokuwa desturi yake, analala. Asubuhi hayupo tena. Mama hakusema kitu mpaka nilipomaliza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Alimtandikia?"

"Alimtandikia."

"Basi."

Nilipokuwa na miaka 14 nililiona lile kaburi la mbwa tu. Yale malalo yaliyopigwapigwa yakalainishwa sikuyaona kabisa, wakati Mama aliyasikia kwanza.

Kuna mahali katika kitabu hicho cha tano ambapo Laura anamwona mpanda farasi, kijana mrefu mwenye shati jekundu juu ya farasi mweupe, akiondoka jioni kuelekea magharibi. Anamwambia dada yake kwamba mtu yule na farasi wake wameingia ndani ya jua. Mary anamkosoa. Anasema haiwezekani, mtu yule anapita ardhini kama watu wengine. Si mara ya kwanza. Kabla ya hapo walikwisha kubishana kuhusu barabara ambayo Laura alisema imekatika, na Mary akamtaka awe mwangalifu aseme kitu kilivyo.

Mimi nilisimama na Mary. Nikasema ni kweli, asiyeona aambiwe kitu kilivyo. Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya daktari.

"Mwache aingie kwenye jua. Huyo Mary hajazoea bado. Mwanzoni unataka kila kitu kinyooke, kwa sababu unaogopa kuanguka. Baadaye unataka mtu akupe na kitu cha kutazama." Halafu akanigeukia, uso kaulekeza pale sauti yangu inapotoka. "Wewe kupamba sijakukataza. Kuruka ndiko nakukataza."

Sijawahi kupewa somo la ualimu linaloizidi kauli hiyo, na nimefundisha jiografia miaka 26. Nilikuwa nimechanganya vitu viwili. Nilidhani kumlinda mtu ni kumpunguzia, na kwamba uaminifu ni kutumia maneno makavu. Kumbe unaweza kusema farasi ameingia ndani ya jua ukawa mkweli kabisa, na unaweza kusoma kwa maneno makavu kabisa huku umeruka ukurasa.

Katika kitabu hicho hicho baba yao anakwenda kuandikisha shamba. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo miaka mitano. Baba anatania kwamba ameweka dau na serikali, dola 14 dhidi ya ekari 160, kwamba atakaa miaka hiyo bila kufa njaa. Watoto wanacheka. Nami nilikuwa nasoma kwa furaha.

"Ekari mia na sitini," Mama akasema. "Za nani?"

Mama alizaliwa Engare Nanyuki. Alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi mwishoni mwa mwaka 1951, wakati serikali ya Waingereza ilipowatoa Wameru kule kwa nguvu, watu karibu 3,000, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafugie. Nyumba zilichomwa. Anachokumbuka yeye ni harufu ya nyasi za paa zinazoungua, na ndama mmoja aliyekataa kutembea. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda hadi New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kulalamika kwa niaba ya Wameru, na jina lake nyumbani kwetu lilitajwa kama wengine wanavyotaja majina ya manabii.

Nikamjibu Mama ukweli. Ekari zile zilikuwa za watu wa asili walioondolewa, na eneo lenyewe liliitwa Dakota kwa jina lao. Nikamwambia na jambo ambalo lilinichoma nilipolijua nikiwa mtu mzima. Kitabu cha tatu, kile cha nyika ya Kansas, nilichokipenda kuliko vyote, kinasimulia familia ile ikijenga nyumba kwenye ardhi ya Waosage. Toleo la mwaka 1935 lilikuwa na sentensi iliyosema kule hakukuwa na watu, kulikuwa na Wahindi Wekundu tu. Miaka ikapita, msomaji mmoja akamwandikia mchapishaji, na katika toleo la mwaka 1953 neno "watu" likabadilishwa kuwa "walowezi". Mwaka 2018 wakutubi wa watoto wa Marekani waliliondoa jina la Wilder kwenye tuzo yao, kwa sababu ya namna vitabu vyake vinavyowaeleza watu wa asili na watu weusi.

Mimi binti wa watu waliochomewa nyumba nilikuwa naishangilia gari ya walowezi jikoni kwa Mama, na hakuna kilichonigutua. Mama naye aliishangilia. Nilimuuliza kama tuache. Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka kuku wakaingia barazani tukawafukuza.

"Soma. Nataka kujua kama lile shamba liliwakubali."

Halikuwakubali sana, nikamtangulizia jibu. Ukame, mvua ya mawe, madeni. Laura na mumewe walikaa miaka michache wakazika mtoto mchanga wa kiume, nyumba ikaungua, na mwaka 1894 wakahamia Missouri moja kwa moja. Hayo ya miaka migumu yamo kwenye daftari lililochapishwa mwaka 1971, yeye akiwa amefariki tangu mwaka 1957.

Kitabu cha sita, The Long Winter, ndicho bora kuliko vyote vinane, na nasikitika kwamba kililala chini ya sanduku miaka yote hiyo. Ni baridi ya mwaka 1880 kuingia 1881 katika kijiji kipya cha De Smet. Dhoruba za theluji zinaanza mwezi wa kumi, moja ikiisha nyingine inaingia, mpaka treni zinashindwa kupita kabisa na haziji tena hadi mwezi wa tano. Makaa yanaisha, mafuta yanaisha, unga unaisha. Familia inabaki na ngano tu, na chombo pekee cha kuisagia ni kile kinu kidogo cha mkono cha kusagia kahawa. Wanapokezana kukizungusha kutwa ili wapate mkate wa siku moja.

"Kinu cha kahawa," Mama akasema. "Sisi tulilima kahawa maisha yetu yote na kinu hicho hatukuwahi kuwa nacho." Ni kweli. Yetu tuliivuna, tukaimenya, tukaianika kwenye vichanja, ikaenda chamani. Chai ndiyo tuliyokunywa.

Kuni nazo hakuna kule nyikani, kwa hiyo baba na Laura wanasokota majani makavu, shungi kwa shungi, wanayakunja yanakuwa kama kijiti kigumu, wanachoma hivyo. Nilijaribu kumweleza Mama jinsi wanavyosokota nikashindwa. Nikaenda bandani nikamletea fungu la majani makavu ya ng'ombe, nikamwekea mapajani.

Vidole vyake vilikaa juu ya majani kama vinasalimiana nayo. Kisha akachukua shungi, akalishika ncha mbili, akalipindua mkono wa kulia kwa nje na wa kushoto kwa ndani mpaka likaanza kujikunja lenyewe katikati, akaliacha likajisokota, ncha akaipenyeza kwenye kitanzi akavuta. Kijiti kigumu, urefu wa kiganja na nusu. Akanipa nipime kwa mkono. Akachukua shungi la pili. Wiki zote tulizosoma kitabu kile alisokota, na kila Jumamosi jioni tuliwashia moto vijiti vyake. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nimeiona mikono ile imelazwa tu.

Njaa ya kitabuni alielewa bila kuelezwa. Mimi nilizaliwa mwaka 1974, mwaka wa ukame, na nimelelewa kwa unga wa njano uliotoka Marekani, ule watu waliouita Yanga. Mama hakuwahi kuupenda ugali wake. "Kumbe na wao walishalala njaa," akasema, na alisema bila kinyongo. Pale baba yao anaposhindwa kupiga fidla kwa sababu vidole vimevimba na kukakamaa kwa baridi na kazi, Mama aliacha kusokota akavikandakanda vyake.

Kwenye nyimbo za fidla tulikuwa na utaratibu wetu. Sizijui nyimbo za kina Laura, kwa hiyo kila baba yao anaposhika fidla mimi naimba ubeti wa tenzi za kanisani, Mama anashika sauti ya pili. Ilikuwa sehemu yetu tamu.

Kitabu cha saba kina sehemu zinazokwenda taratibu mno, mikutano ya jioni ya kijiji, michezo ya tahajia, nikazipita haraka kwa kibali chake. Lakini katika mojawapo ya jioni hizo wanaume watano wanapanda jukwaani wamejipaka masizi usoni ili waonekane weusi, wanaruka na kuimba kwa kuwaigiza watu weusi, na ukumbi mzima unakufa kwa kicheko. Mmoja wao ni baba. Kuna na picha yake.

Macho yangu yalikwisha kuuona ukurasa wote. Ingekuwa rahisi kuugeuza, Mama asingejua. Nikausoma. Nikamweleza na picha.

"Baba huyu huyu wa fidla?"

"Huyu huyu, Mama."

Alikaa kimya, mkono unapapasa ukingo wa kiti. "Na huyo binti anaandika kama jambo la kupendeza?"

"Anaandika kama usiku wa furaha kuliko yote."

"Haya. Endelea. Ila leo akishika fidla usiimbe."

Sikuimba siku ile, wala Jumamosi iliyofuata. Jumamosi ya tatu, Mama mwenyewe ndiye aliyeanza.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa nimejifunza. Lakini wakati huo huo nilikuwa namficha Mama jambo kubwa kuliko lolote la kwenye vitabu.

Mdogo wangu, anayekaa na Mama pale nyumbani, alikuwa ameamua kukata mibuni. Ilikuwa imezeeka, ugonjwa wa chulebuni ulikuwa unaimaliza, bei haikumtosha hata dawa ya kupulizia, na alitaka kupanda maparachichi. Alinishirikisha nikakubali. Simlaumu, hesabu zake zilikuwa sahihi. Lakini mibuni ile ilipandwa na babu, na baba alikufa akiihesabu. Tukaafikiana Mama asiambiwe kwanza. Mwezi wa nane nikamchukua Mama wiki moja kwangu Sakina kwa ajili ya kliniki, na aliporudi, mibuni na migrevilea ya kivuli vyote vilikuwa chini.

Mimi ndiye niliyekuwa namsimulia shamba kila Jumamosi. Nilimwambia migomba imestawi, na ilikuwa imestawi. Nilimwambia nyani wameonekana kwenye mpaka wa juu, na walionekana. Na baada ya mvua za vuli kuanza, alipoulizia mibuni, nilimwambia inachanua. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, siku ambayo kitabu cha nane kilikuwa mapajani na tulikuwa tumetoka kusoma jinsi Laura, kabla hajatimiza miaka 16, anavyofundisha shule huku akilala kwenye nyumba ya watu wasiomtaka, miezi miwili kwa dola 40, ili Mary apate kubaki kwenye chuo cha vipofu kule Iowa.

Mama hakunijibu. Alivuta pumzi ndefu kwa pua, akaishikilia, akaiachia.

"Jua la saa nne linanipiga usoni tangu mwezi wa nane," akasema. "Zamani halikunifikia hapa nilipokaa. Mibuni ikichanua nyuki wanasikika mpaka barazani, na harufu yake inaingia chumbani usiku. Mimi nimekaa hapa nanusa, nakusubiri wewe uniambie."

"Samahani, Mama."

"Nilikwambia nini kuhusu kuruka?"

Sikuwa na neno. Akanyoosha mkono, nikampa kiwiko changu, tukashuka shambani. Alikwenda polepole, akitanguliza mguu kutafuta, na kila alipogusa kisiki kwa kidole cha kandambili alisimama akahesabu. Alijua mistari yote. Alijua pale ambapo mstari wa nne unakatwa na mfereji. Alihesabu visiki 63, na kwenye cha mwisho, karibu na mgomba wa mshale, akainama akakishika.

"Sasa niambie."

Nikamwambia. Kimekatwa kwa msumeno wa mashine, mshazari, upana wake kama kiganja changu. Katikati kina rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, ukingoni kumekauka na kupasuka nyufa tatu. Na upande wa mlimani pana machipukizi mawili, marefu kama kidole, majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuyafikia. Aliyapima moja baada ya jingine kwa ncha ya kidole gumba.

"Mwambie mdogo wako hiki asiking'oe."

"Nitamwambia."

"Kitabu umekuja nacho huku?"

Kilikuwa kwapani, sikuwa nimekumbuka kukiacha. Mama akajikalia juu ya kisiki, mimi nikakaa ardhini, na nikamsomea pale pale juani sura ile Laura anapoolewa na gauni jeusi. Harusi iliharakishwa, na jeusi ndilo lililokuwa karibu kumalizika kushonwa.

"Jeusi kabisa?"

"Jeusi kabisa, Mama. Ila kofia yake ni ya majani, kijani iliyopauka, na ndani ina bitana ya hariri ya buluu."

"Buluu ya namna gani?"

Nikatafuta buluu anayoikumbuka. Si ya mbingu, wala si ya sare za shule. Nikamwambia, kama vile vitambaa vya shingoni vya kwaya yenu, vile mlivyovaa wakati mimi niko darasa la kwanza.

"Ah," Mama akasema. "Basi alipendeza."